Mabwana Wasiobeba Bunduki

Nchi hii msiniulize iko wapi. Kila nikimsimulia mtu, hunikatiza akasema, "Kumbe na wewe unatoka kwetu?" Basi nimeacha kutaja jina. Jueni tu kwamba ilikuwako, ilikuwa na mto katikati na daraja moja juu ya mto, na mimi nilikuwa mpiga mbiu wa Serikali kwa miaka kumi na minne. Wanasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mimi niliiliza hata pasipo na jambo, maana mtu mwenye kazi hachagui la kutangaza. Nikiambiwa nitangaze kuwa mvua imenyesha kwa juhudi za Serikali, natangaza. Nikiambiwa haikunyesha kwa uzembe wa raia, natangaza vilevile, na kwa sauti ileile.

Kaskazini ya mto paliitwa Juu, kusini yake paliitwa Chini, na pande zote mbili zilikuwa Jamhuri moja isiyogawanyika. Wimbo wa taifa ulisema hivyo, ingawa kila upande uliimba beti zake.

Chini waliishi mabwana na watu wao. Neno "mtumwa" lilipigwa marufuku kule, na aliyelitamka alichapwa viboko, hasa kama ni mtumwa. Jina halali lilikuwa "mtu wa nyumbani". Mtu wa nyumbani alizaliwa nyumbani, akafanya kazi nyumbani, akifa akazikwa nyuma ya nyumba, na akitaka kutoka alifungwa mnyororo ili asipotee njia. Mimi niliona ni utaratibu wenye huruma. Nilikuwa mwungwana maskini: sina mtu wa nyumbani, wala mimi si mtu wa mtu. Nina pembe yangu na koo langu, basi.

Juu hapakuwa na watu wa nyumbani. Watu wa Juu walikuwa na dhamiri safi. Kila mwezi walikusanyika ukumbini kulaani maovu ya Chini, wakalia machozi ya kweli, kisha ikaletwa chai ambayo sukari yake imelimwa Chini, na leso walizofutia macho pamba yake imechumwa Chini. Wakaunda Tume ya Kuchunguza Iwapo Utumwa Upo. Tume ikafanya kazi miaka tisa, ikatoa ripoti ya kurasa mia sita, na ukurasa wa mwisho ulisema kwamba dalili zipo.

Sasa hapa ni lazima niwaeleze desturi moja ya mabwana wa Chini, la sivyo hamtaelewa vita vilivyotujia baadaye vilikwendaje. Desturi yenyewe ni kwamba bwana habebi kitu. Kikombe cha kahawa ndio mwisho wa uzito. Mtoto wa bwana akitimiza miaka saba alifanyiwa karamu: anabebeshwa mtungi wa maji hatua tatu, wanawake wanapiga vigelegele, kisha mtungi unapokewa na mtu wa nyumbani, na toka siku hiyo huyo mtoto habebi tena mpaka abebwe yeye kwenda makaburini. Nilimwona kwa macho yangu bwana mmoja ameangusha kilemba njiani. Alisimama juani tangu asubuhi hadi alasiri akingoja mtu wa kumwokotea. Nikapita mimi nikamwokotea, naye akaniambia nimechelewa.

*

Katika nyumba ya bwana mmoja aitwaye Mwinyi Shangama alikuwako mwanamke, jina lake Mashavu. Mrefu, shingo imekomaa kwa mizigo, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko ilivyoruhusiwa. Alibeba maji, alibeba kuni, na kila jioni alibeba kitanda cha Mwinyi kukitoa barazani kukiingiza ndani, na asubuhi akakitoa tena. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Siwema, mwenye miaka kumi na mmoja.

Mwinyi Shangama alitamani ukanali. Ukanali wa Chini ulitolewa na Jemadari Fumbwe, mkuu wa majeshi, na Jemadari alikuwa mtu wa kupenda kukumbukwa. Asubuhi moja Mwinyi akampelekea kapu la maembe na Siwema.

Mashavu aliporudi kutoka kisimani mtoto hayupo. Mimi nilikuwapo barazani nikingoja kupewa tangazo, kwa hiyo niliyasikia yote. Alitua ndoo, akauliza mwanawe yuko wapi. Mwinyi alimjibu kwa upole, maana alikuwa na adabu zake. Alimweleza kwamba mtoto hakupotea, amepanda cheo: jana alikuwa wa nyumba ya Mwinyi, leo ni wa nyumba ya Jemadari, atamshikia mwavuli, na mama mwenye akili angeshukuru. Akaongeza kwamba kwa kumjali amempumzisha kubeba kitanda siku mbili.

"Bwana," Mashavu akasema, "mwanangu si wa kufuatana na maembe. Nitamrudisha."

Mwinyi akacheka. Wala hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeambiwa na kiti chake kwamba kitahama. Kisha akanigeukia, akaniagiza nitangaze kuwa amekuwa Kanali. Nikatangaza mitaa yote. Habari za mtoto sikuagizwa, nami sikuzisema.

*

Vita vilianza kwa sababu ya Ijumaa.

Watu wa Juu, baada ya kusoma ile ripoti ya dalili, waliona aibu, na aibu ikiwazidi watu wakubwa huzaa sheria. Waziri wao wa Maridhiano, Bwana Tindwa, mtu aliyekuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kupigiwa picha, akatunga Sheria ya Ijumaa. Ilisema hivi: mtu wa nyumbani akivuka daraja kuja Juu siku ya Ijumaa, asirudishwe. Akivuka siku nyingine yoyote, arudishwe kwa mwenyewe, afungashiwe na maji ya njiani. Waziri Tindwa aliona amepata njia ya katikati. Dhamiri imepewa siku moja, mali imepewa siku sita, nani atanung'unika?

Mabwana wa Chini walinung'unika mpaka vyombo vikatikisika. Wakaitisha mkutano uwanjani. Nilipiga mbiu, watu wakajaa, na Jemadari Fumbwe akapanda jukwaani. Nyuma yake alisimama Siwema ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Jemadari alihutubia saa moja na nusu. Alisema Juu wanataka kutufanya watumwa. Alisema hakuna mwanadamu aliyezaliwa ili awe chini ya amri ya mwanadamu mwenzake, na kwamba afadhali mtu afe amesimama kuliko kuishi akiagizwa. Alisema mnyororo ni mnyororo hata ukiitwa sheria. Mabwana wakalia, na watu wao wakawafuta machozi. Ule mwavuli ulikuwa ukitetemeka, maana mikono ya mtoto ilikuwa imechoka, na Jemadari alinyamaza mara moja tu katikati ya hotuba, kumkemea kwamba jua linamfikia sikio.

Mashavu alikuwa kando yangu, kiti cha Mwinyi kichwani. Alikuwa hamtazami Jemadari, alikuwa anaitazama ile mikono. Nikamwambia hotuba nzuri hii, mama.

"Nzuri," akasema. "Nimeisema moyoni miaka thelathini. Sikujua kwamba na mabwana wanaijua."

Jioni nikatangaza Vita vya Uhuru wa Kumiliki.

*

Jeshi la Chini lilikuwa na askari elfu moja, wote mabwana, wote maafisa. Hapakuwa na askari wa kawaida, kwa kuwa hapakuwa na familia iliyokubali kuwa ya kawaida. Na kila bwana alikwenda vitani na watu wake wanne: mmoja wa bunduki, mmoja wa baruti na risasi, mmoja wa kiti, mmoja wa mwavuli. Kwa hiyo jeshi la watu elfu moja lilipoondoka niliwahesabu elfu tano barabarani, lakini nilionywa kwamba hesabu ile haina heshima, nikatangaza elfu moja.

Mashavu aliomba mwenyewe abebe bunduki ya Mwinyi Shangama. Hakuna aliyemlazimisha. Mwinyi aliguswa hadi akaniita nitangaze kwamba mwanamke wa nyumbani kwake, kwa mapenzi aliyo nayo kwa bwana wake, amejitolea kwenda vitani, na kwamba hii ni hoja ya kuwafunga midomo watu wa Juu. Akavishwa utepe wa Mfano wa Uaminifu. Kambi ya jeshi ilikuwa ya Jemadari Fumbwe, karibu na daraja, na Siwema alikuwa kambini humo. Jambo hilo halikumwingia Mwinyi akilini, maana lile kapu la maembe alikuwa ameshalisahau.

Zile bunduki zilikuwa magobore. Gobore lina kazi: utie baruti, utie risasi, ushindilie kwa mti mrefu, utie fataki, ulinyanyue, ulilenge. Sheria ya Silaha ya Chini ilikataza mtu wa nyumbani kumiliki bunduki na kuipiga. Kubeba, kusafisha, kujaza, kushindilia na kulenga haikukataza, kwa sababu hizo ni kazi za mikono, na kazi za mikono zina wenyewe. Bwana aliachiwa kufyatua. Basi kila asubuhi mabwana elfu moja walikaa vitini wakafanya mazoezi ya kidole, kunja, kunjua, kunja, kunjua, hadi mkufunzi aseme wapumzike wasije wakachubuka.

Baruti ya Mwinyi Shangama ilibebwa na Mzee Farjala, aliyekuwa wa nyumba hiyohiyo na ndiye aliyemfundisha Mashavu kushindilia. Mzee huyu aliuzwa akiwa na miaka sita, akauzwa tena akiwa na tisa, na tena, na tena, hata akawa hakumbuki lugha aliyozaliwa nayo ila neno moja la kumwitia mbuzi. Hakuwa msemaji. Alishindilia baruti kwa uangalifu kama mtu anayefunga mlango.

*

Kambini palikuwa na ngazi. Watu wa Jemadari hawakuruhusiwa kusema na watu wa Kanali, wasije wakashusha hadhi ya Jemadari. Miezi mitatu Mashavu alimwona mwanawe kila siku, hatua arobaini mbele yake, amesimama na mwavuli, wala hakuweza kumkaribia. Nilizipima hizo hatua siku moja bila kuagizwa. Sijui kwa nini nilizipima.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, nilipiga mbiu ya usingizi, na mabwana wakalala. Mashavu akaikata ile nafasi kwa mguu, mchana kweupe, akamfikia mtoto. Mimi ndiye niliyetakiwa kupiga mbiu ya hatari nikiona jambo la namna hiyo. Nilijishughulisha na kusafisha pembe yangu.

Siwema alilia. Alimwambia mama yake kwamba kuna mfanyabiashara kutoka ng'ambo amekuja kambini na mzinga wa vita, na Jemadari ameupenda mzinga, na wamekwisha kupatana. Kesho Jumamosi ni vita. Keshokutwa mfanyabiashara anaondoka na merikebu yake.

"Mzinga mmoja, mama," mtoto akasema. "Mimi na mwavuli."

Mashavu hakulia. Alimfunga mtoto kanga vizuri kiunoni, akamwambia kesho akimwona mama yake ameweka bunduki begani, atue mwavuli aje. Asikimbie, atembee. Kisha akarudi zile hatua arobaini, akaketi kando ya Mzee Farjala. Mzee akamsikiliza, akainuka na kibuyu chake cha baruti, akaanza kupita kwa wabebaji wenzake mmoja mmoja kugawana baruti. Ugawaji ule uliendelea hadi magharibi. Mabwana waliamka wakasifu bidii ya watu wao.

*

Jumamosi jua lilipopanda, mabwana elfu moja walikaa vitini kwenye ukingo wa kusini, safu moja ndefu ya kupendeza, miavuli imefunguliwa. Ng'ambo ya mto jeshi la Juu lilikuwa limejipanga, likingoja barua ya Waziri Tindwa, aliyekuwa nao palepale, ya kuwaruhusu kukasirika. Jemadari Fumbwe akanipa ishara. Nikapiga mbiu ya bunduki.

Kwa desturi, mbiu ile ikilia mbebaji hupiga hatua moja mbele, hupiga goti, huweka mtutu kwenye kiegemeo na kitako mbele ya bwana, na bwana hunyoosha kidole. Nikapiga. Hakuna aliyepiga hatua. Nikadhani sikusikika, nikapiga tena. Wabebaji elfu moja wamesimama nyuma ya viti, bunduki mikononi, wametulia tuli.

Mwinyi Shangama akasema, bila kugeuka, "Mashavu, bunduki."

"Ninayo," akajibu.

"Ilete."

"Njoo uichukue."

Jamani. Nimeishi miaka mingi, sijaona mtu akitafakari vile. Kati ya kiti na ile bunduki palikuwa na hatua mbili. Mwinyi alizitazama. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, na nikaelewa anachotafuta: alikuwa anatafuta mtu wa kumtuma. Safu nzima ya mabwana ilikuwa inafanya hivyohivyo, shingo zinageuka huku na huku. Mtu wa kiti ameondoka, mtu wa baruti amekunja mikono, na mmoja baada ya mwingine miavuli ikaanza kufungwa.

Jemadari Fumbwe akaruka kutoka kitini, uso umemwiva. Akapaza sauti kwamba huu ni uasi, na waasi wote wapigwe risasi sasa hivi. Na mabwana walikuwa watiifu, siwezi kuwasingizia. Elfu nzima walinyoosha vidole, wakakunja.

Hapo ndipo Mashavu alipoweka bunduki begani. Siwema akautua mwavuli chini, taratibu, akaanza kutembea. Jemadari alikuwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono tu, lakini alipiga kelele, "Mshikeni huyo mtoto!" Akarudia mara tatu. Jua linampiga utosini, anaamuru mshikeni, mshikeni, na mkono wake mwenyewe umening'inia ubavuni haujui kazi yake. Mtoto akatembea zile hatua arobaini akamfikia mama yake. Mashavu alimshika kiganja, na hapo, mbele ya majeshi mawili, akalia.

Kisha watu elfu nne wakageuka, na bunduki zao, na baruti yao, wakaelekea darajani.

*

Mngedhani hadithi imekwisha. Mngekuwa hamjawahi kufika ofisini.

Mwisho wa daraja, upande wa Juu, palikuwa na meza, na nyuma ya meza Waziri Tindwa mwenyewe na miwani ya kusomea, na nyuma yake jeshi. Aliwakaribisha kwa machozi. Alisema moyo wake unafurika, na kwamba ameingoja siku hii maisha yake yote. Kisha akauliza ni siku gani.

Akaambiwa Jumamosi.

Waziri akasikitika sana. Akasema laiti wangewahi jana. Sheria iko wazi, na Juu ni nchi ya sheria, ndiyo tofauti yake na Chini. Aliwashauri warudi wakalale, waje Ijumaa ijayo, naye atahakikisha kuna uji. Mashavu akamwambia hawatarudi hata hatua moja. Hakupandisha sauti.

Wakati huo mimi nilitumwa na Jemadari kuvuka na ujumbe, kwa kuwa nilikuwa mtu pekee aliyebaki Chini wa kutumwa. Ujumbe nikaufikisha neno kwa neno. Jemadari Fumbwe, kwa ajili ya amani na umoja wa Jamhuri, yuko tayari kusimamisha vita leo. Yuko tayari kuwasamehe wote elfu nne wabaki Juu. Hata bunduki wabaki nazo. Ila heshima yake ni heshima, na haiwezekani isemekane kwamba Jemadari amenyang'anywa mshika mwavuli hadharani. Arudishiwe yule mtoto. Huyo mmoja tu.

Waziri Tindwa alifurahi akabadilisha miwani. Akasimama, akatoa hotuba. Alisema historia imeipa Juu nafasi adimu. Alisema taifa ni familia, na kila familia ina mmoja anayejitoa. Hakuna aliye tayari kuliko yeye kuona uchungu wa mama huyu, na jina la mtoto litaandikwa kwenye vitabu. Lakini hebu tupime: upande mmoja watu elfu nne huru leo hii, bila hata kungoja Ijumaa, damu isimwagike, Jamhuri irudi kuwa moja, upande wa pili mtoto mmoja, ambaye kazi yake yenyewe ni nyepesi, kushika mwavuli. Ya mzinga hakuyasema. Nilikuwa nimemwambia, akasema hayo ni mambo ya baadaye.

Mashavu angesema nini? Bunduki moja aliyokuwa nayo isingemtosha kuwalazimisha watu elfu nne. Wale waliokuwa nyuma yake nao walikuwa na watoto wa kuwafikiria, na miguu yao ilikuwa imebakiza mbao tatu za daraja. Alimweka mtoto mbele ya tumbo lake, akamfunika kwa mikono miwili, akangoja wenzake waseme. Mimi, ambaye sikuwahi kuomba kitu mahali pa kazi, nilimwomba Mungu.

Mzee Farjala akatoka kwenye safu. Alimwendea Waziri hadi mezani, akasimama akiwa amekishika kile kibuyu.

"Bwana mkubwa," akasema, "mimi nimeuzwa mara tano. Kila mara nilikuwa mmoja tu. Hapa hakuna aliyeuzwa akiwa elfu nne."

Kisha akamwaga baruti kwenye bunduki ya kijana aliyekuwa karibu, akashindilia, na nyuma yake ukasikika mshindo wa miti ya kushindilia, wote, mpaka kule mwisho wa safu, daraja zima likawa linavuma. Hawakumwelekezea mtu mtutu. Walishindilia tu, wakaanza kutembea. Na askari wa Juu, ambao wengi wao walikuwa wafuma nguo na wachimba visima waliokuja vitani kwa kuambiwa, wakatazamana, na wa kwanza akasogea pembeni, na wa pili akasogea, na afisa wao alikuwa bado anangoja barua. Meza ya Waziri ilihamishwa kwa heshima, yeye akiwa ameishikilia.

Mashavu alipita na mwanawe. Wakapita wote.

Waziri alipoona wa mwisho amepita, alikung'uta kanzu yake, akaniita, akaniambia nitangaze kwamba leo Serikali ya Juu, kwa huruma yake na kwa uamuzi wake yenyewe, imewakomboa watu elfu nne. Nikaweka pembe mdomoni, nikapiga mara tatu. Watu wakanyamaza kunisikiliza. Nami kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne sikutangaza. Nilimwambia Waziri nina mafua. Tangu siku hiyo sijapona, na kazi nimeiacha.

*

Vita havikuisha pale. Mabwana walijifunza kubeba bunduki, maana shida ni mwalimu, na tukapigana miaka miwili, safari hii vita vya kweli. Elfu nne wale ndio waliosimama mbele. Walikufa wengi, Mzee Farjala mmoja wao, na hilo sitalifanyia mzaha, mtanisamehe. Lakini Chini ilianguka, minyororo ikakatwa nyumba hadi nyumba, na wa kuikata walikuwa waliofungwa wenyewe.

Miaka kumi na miwili baada ya siku ile ya daraja Serikali ya Jamhuri Iliyoungana ikaamua kujenga Mnara wa Ukombozi. Mchongaji akachora: Waziri Tindwa amesimama wima, miwani ya picha usoni, mkono wa kulia umenyooshwa kwa huruma, na chini ya mkono binti amepiga magoti, kichwa kimeinama, anashukuru. Wakataka sura iwe ya kweli. Wakamwita Siwema, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule, ana urefu wa mama yake na ulimi wake pia. Nilimsindikiza. Ofisa wa Mnara alimpa kiti, akampa chai, akamwonyesha mchoro, akamwambia ni kazi ya siku tatu tu, apige magoti, mchongaji achukue kipimo. Alimweleza kuwa watoto wa watoto wake watajivunia.

Siwema aliutazama ule mchoro mpaka chai ikapoa.

"Mama yangu alinivusha nikitembea," akasema. "Mkitaka wa kupiga magoti, mtafuteni aliyepiga."

Akamwamkia ofisa kwa adabu zote, akaondoka. Walimtafuta mwingine. Walizunguka mji mzima, wakavuka hadi Chini, wakabisha hodi kwenye kila nyumba yenye mtu aliyepita darajani siku ile, na kila nyumba ilisema Siwema amekwisha jibu. Siku ya sherehe ikafika, wageni wamealikwa, ikabidi shuka livutwe hivyohivyo.

Kwa hiyo mnara uko pale bustanini hadi leo: Waziri peke yake, wa shaba, ameinamisha shingo kwa huruma, mkono ameunyoosha hewani, na chini ya mkono hakuna mtu. Wageni hudhani anaomba. Walinzi wameagizwa waseme kwamba anaonyesha njia. Siwema hupita hapo kila asubuhi akienda kufundisha, na hajawahi kumwuliza njia.